Mita Arobaini Pungufu

Saa nane mchana, Jumatano moja ya katikati ya Aprili 2013, barabara ya kutoka Nyabibuye kwenda Kakonko ilikuwa haipitiki. Kalavati lilisombwa na maji usiku wa Jumapili, na lori la kwanza lililojaribu kuvuka lilikuwa bado limelala ubavu mtoni. Upande wa huku, kwenye kijiwe cha njia panda, wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya duka la vitambaa la Haidari. Mwenyewe Haidari alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Kijiwe kile hakikuwekwa pale kwa ajili ya kivuli. Kiliwekwa kwa sababu ndipo mtandao unapokamata. Ukishuka kidogo tu kuelekea kituo cha afya, simu yako inageuka tochi.

Haidari alikuwa ametoka kuzungumza na rubani. Anaitwa Elisante, yuko Mwanza, anarusha ndege ndogo ya injini moja inayobeba wagonjwa. Alikuwa ameombwa aje kumchukua Mwalimu Philemon, aliyeteleza Jumatatu kwenye paa la nyumba yake akipigilia bati lililoinuliwa na upepo. Firdausi, tabibu wa kituo cha afya, alikuwa amesema maneno machache: shingo imeumia, mguu mmoja bado unasikia, na akitikiswa barabarani huenda hata huo ukaacha kusikia. Uwanja wa ndege wa Kibondo upo na wa Kasulu upo, lakini vyote viko ng'ambo ya maji. Huku kulikuwa na uwanja mmoja tu, wa nyasi, mali ya misheni, ambao haukutuliwa tangu mwaka uliopita. Padri alikuwa amekwama Kasulu. Alikwishatoa ruhusa kwa simu, lakini hali ya uwanja hakuijua.

— Amesemaje? aliuliza Kipriani, mwendesha bodaboda anayeitwa Mbio.

— Atapiga tena saa kumi, alisema Haidari. Anataka mita mia sita za ardhi ngumu. Zikiwepo, anakuja kesho asubuhi. Zisipokuwepo, haji.

— Saa kumi yote ya nini? Mpigie sasa hivi mwambie zipo!

Aliyesema hivyo ni Pasikali. Zamani alikuwa anafyeka nyasi za uwanja ule kwa kibarua cha misheni, na siku moja ndege ilipokwama kwenye tope alikuwa mmoja wa walioisukuma. Tangu siku hiyo anaitwa Kapteni, na anaitika.

— Kapteni, una hakika? aliuliza Haidari.

— Ule uwanja ni sakafu, Mita. Sakafu! Kama una saruji yako, unaikosea heshima ukiimwaga pale.

Haidari walimwita Mita kwa sababu ya ile fimbo yake ya kupimia vitambaa, aliyoachiwa na baba yake aliyekuja nayo kutoka Tanga. Mteja akimwambia akate tu kwa macho, hamkatii.

— Mimi nilisikia redioni, alisema Hatungimana, muuza kahawa anayeitwa Redio, huku akipanga vikombe. Ndege haitui juu ya ardhi, bwana. Inatua juu ya upepo. Kati ya tairi na nyasi panabaki upepo mwembamba hivi, kama karatasi. Ardhi iwe ngumu, iwe laini, inahusu nini?

— Redio, kwani ile ya misheni si ilizama tairi? Kapteni aliisukuma nini, upepo?

— Mbio, ile ilikuwa imeshazima injini. Injini ikizima upepo unakwisha. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Rubani aje na injini yake inawaka, asizime, apakie mgonjwa, aondoke.

— Hapo umesema, alisema Mbio. Ila mimi shida yangu ni breki. Majani yana maji. Pikipiki yangu hii, kwenye majani mabichi, ukikamata breki ya mbele unaenda kusalimiana na mababu. Sasa ndege ina breki ya mbele?

— Haina, alisema Kapteni.

— Unajua?

— Nimeisukuma, sikuiona.

— Sasa sikilizeni dawa yake, Mbio alisema akijisogeza mbele. Tunachukua wanaume kumi wenye nguvu, na kamba. Ndege ikigusa tu chini, tunairushia kamba ya mkia, kama ng'ombe dume aliyekataa zizi. Wanaume wanakaza. Itasimama inataka haitaki.

— Na panga la mbele je? Lile linalozunguka? Litakukata, ewe!

— Ndiyo nikasema mkia, Redio. Nani kakwambia mkia una panga?

Kapteni alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo na kurudisha kikombe.

— Mnahangaika bure. Ndege ni panzi. Umewahi kuona panzi anapima nyasi kabla ya kutua? Tena kama mita mia sita hazitoshi, wanawake wasimame pembeni na majani ya migomba, wapunge kwa pamoja. Upepo wa mbele unafupisha safari. Padri alinieleza mwenyewe, ndege inapenda upepo wa uso.

— Kupunga? alisema Redio, akaapa kwa lugha ya kwao. Yampaye inka! Kwa nini itue kabisa? Ikae tu hapo juu, iteremshe kamba yenye machela. Mwalimu tunamfunga vizuri, wanamvuta. Hakuna cha uwanja, hakuna cha tope. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia. Tafakari.

Haidari hakucheka. Mwisho wa benchi, upande wa ukutani, palikuwa na nafasi tupu. Hapo ndipo Philemon hukaa kila jioni akisahihisha madaftari, huku akiwatupia maneno wanaocheza bao. Watatu hawa walikuwa wamebanana upande wa pili na hakuna aliyejisogeza kuijaza. Haidari alijua wanalolitaka. Walitaka aseme ndiyo. Yeye pia alitaka kusema ndiyo. Alijua pia kwamba rubani, akiwa Mwanza, hataona kitu kingine chochote isipokuwa neno lake.

— Kapteni, alisema, mara ya mwisho uliufyeka lini?

— Uwanja haubadiliki, Mita. Ardhi haina miguu.

— Na mvua hizi je?

— Maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake yakishaingia ardhini yameingia, juu panabaki pakavu!

Mbio alipiga makofi. Redio alisema hiyo ndiyo methali iliyotumika vizuri tangu asubuhi, akamjazia Kapteni kikombe cha pili.

Recho, mke wa Philemon, alifika katikati ya makofi hayo. Alitoka kituo cha afya na chupa ya uji mkononi, kitenge kimefungwa juu ya gauni la tangu Jumatatu. Yeye na mumewe ni wenyeji wa Dodoma. Serikali iliwaleta Nyabibuye na bado walikuwa wanahesabiwa wageni. Kapteni alisimama kumpisha.

— Shikamoo, Mzee Haidari.

— Marahaba, mama. Mwalimu anaendeleaje?

— Ameuliza ndege inakuja lini. Nikamwambia naenda kuuliza.

— Inakuja, shemeji! alisema Mbio. Uwanja ni sakafu. Kapteni hapa ni shahidi.

— Ni salama kabisa, mama, alisema Kapteni. Panzi anatua.

— Na kamba ipo, alisema Redio.

Recho aliwatazama mmoja mmoja.

— Nani kati yenu ameukanyaga tangu mvua zianze?

Kapteni alimtazama Mbio. Mbio alitazama tairi la pikipiki yake. Redio alikuwa anamimina kahawa, na ilijaa kikombe ikamwagika kwenye sahani, ikashuka hadi chini, hajui.

Haidari aliingia dukani. Alitoka na fimbo yake ya mita, kamba ya katani na jora la bafta nyeupe. Aliinyoosha kamba juu ya benchi akaipima kwa ile fimbo, akafunga fundo penye mita hamsini.

— Mita, alisema Redio kwa sauti ya chini, hiyo si ndiyo bafta ya sanda?

— Ni kitambaa cheupe. Rubani amesema mwanzo na mwisho wa ardhi nzuri vionekane kutoka juu.

— Lakini mkosi, Mita. Unamtandikia mgonjwa sanda kabla...

— Mzee Haidari, alisema Recho, kata.

Aliikata vipande vinne vya urefu wa mtu.

Walifunga kijiwe. Mbio alimbeba Recho kwenye pikipiki, wengine walitembea. Uwanja uko nyuma ya misheni, umeteremka kidogo kuelekea bondeni. Kibao cha kukataza mifugo kilikuwa kimeanguka na mbuzi wawili walikuwa wamesimama juu yake. Nyasi zilikuwa fupi kuliko walivyotegemea. Mbuzi walikuwa wamefanya kazi ya Kapteni.

Rubani alikuwa amempa Haidari majaribio mawili. La kwanza lilikuwa la kisigino: kipige chini kwa nguvu, na kikizama, usinialike. La pili lilihitaji gari lenye mzigo lipite kwa mwendo kutoka mwanzo hadi mwisho. Dereva akirushwa kwenye kiti, uwanja haufai. Magari yote yalikuwa ng'ambo ya maji. Ilipatikana bodaboda, gunia la maharage, na Kapteni juu ya gunia.

Haidari alianzia juu. Alikuwa anapiga kisigino, anasogea, anapiga. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu, maji yalikuwa yameteremkia bondeni. Mbio alipita akivuma, kona hakuna, Kapteni kashika kofia. Walirudi wanacheka.

— Lami! alipiga kelele Mbio. Mita, hii ni lami, wamesahau kuipaka rangi nyeusi!

— Nilisema mimi, alisema Kapteni. Nilisema.

— Sasa huko chini, alisema Haidari.

— Huko chini ni hukohuko, Mita. Mwanzo mzuri mwisho mzuri.

Recho alikuwa ameshatangulia. Sehemu ya bondeni nyasi zilikuwa nzuri zaidi, za kijani, zimelala. Mbio aliwasha pikipiki. Recho alinyanyua mkono kumzuia.

— Hii harufu ni ya nini?

Yeye hakuijua. Watu wa pale wote waliijua. Ni harufu ya mihogo iliyolowekwa hadi ikaanza kuchacha.

Haidari alichomeka fimbo penye nyasi. Ilizama hadi mkononi. Alifunua majani: chini yake palikuwa na majani ya mgomba, na chini ya majani ya mgomba shimo lililojaa maji na mihogo. Upana wake ulizidi wa tairi. Pembeni kulikuwa na jingine. Walipofunua zaidi, waliona yamepangwa kwa safu hadi mwisho wa uwanja.

Hakuna aliyeficha kitu. Kila masika wanawake wa pale huchimba mashimo mahali maji yanaposimama, huloweka mihogo mpaka ilainike, ndipo huianika na kuitwanga unga. Mashimo hufunikwa nyasi ili mbuzi wasiingize mdomo. Mwaka huu kila kipande cha bonde kililimwa, padri hayupo, na chini ya uwanja palikuwa pa bure.

— Lile la jiwe jeupe, alisema Kapteni mwishowe, linafanana na la mama watoto.

— Linafanana, alisema Mbio. Kapteni, mkeo katega ndege!

— Wewe la mama yako ni lile la kando yake. Nalijua jembe lake.

Mbio alikwenda kutazama. Alirudi akasema ni kweli, ni lake.

— Tuyafukie, alisema Redio. Watu wote waitwe, majembe, saa moja tu tumemaliza.

Walijaribu moja. Walitoa mihogo, wakajaza udongo, wakakanyaga wote wanne. Haidari alipiga kisigino. Mguu uliingia hadi juu ya kifundo.

— Udongo wa leo haubebi ndege ya kesho, alisema. Uwanja wetu unaishia kabla ya mashimo haya.

Alitandika vipande viwili vya bafta pale ardhi ngumu ilipoishia, na viwili kule juu, akavigandamiza kwa mawe. Kisha walivuta kamba, yeye akiwa upande huu na Kapteni upande ule. Walipima mara mbili kwa sababu Kapteni alidai mara ya kwanza kamba ililegea. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja: mita mia tano na sitini.

Saa kumi kasoro walikuwa kijiweni. Hakuna aliyekaa.

— Arobaini tu, alisema Mbio. Mita arobaini ni nini? Ni hapa na ile kalenda ya ukutani dukani mwako. Sema mia sita.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Ongeza haba, Mita.

— Na panzi mwenyewe... alianza Kapteni, akaacha.

— Mita, sikiliza, alisema Mbio, na safari hii hakuwa na utani. Ukimwambia mia tano na sitini, haji. Asipokuja, mwalimu anapakiwa kwenye machela, anavushwa mtoni mabegani mwa watu. Unajua huko kwenye maji kuna nini. Neno moja tu. Nani atajua?

Haidari aliitazama simu. Fimbo ilikuwa kwapani mwake. Kwa miaka yote aliyouza vitambaa, hakuna mteja aliyewahi kurudi kusema gauni limepungua. Lakini gauni likipungua, mtu anarudi na kugomba. Hapa hakungekuwa na mtu wa kurudi. Alimtazama Recho, kwa sababu kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kumwomba aongeze, ni yeye.

— Mwambie ulichopima, alisema Recho.

— Mama, anaweza kukataa.

— Ninayempakia mule ni mume wangu. Mwambie ulichopima.

Simu iliita. Haidari aliweka sauti ya nje.

— Mzee Haidari, habari za huko. Nipe uwanja.

— Uwanja wote si salama. Chini kuna mashimo ya mihogo, usiguse kabisa. Juu ni kugumu, kisigino hakizami, pikipiki yenye watu wawili na gunia imepita bila kurushwa. Nimepima mara mbili. Ni mita mia tano na sitini.

Redio alishika kichwa.

— Nilisema mia sita, alisema Elisante.

— Ulisema. Hazipo.

— Mashimo yako upande upi?

— Bondeni. Uwanja unateremka kwenda huko.

— Unateremka sana au kidogo?

— Mpira ukiuweka chini, unaondoka wenyewe polepole.

— Ng'ambo ya mashimo kuna nini? Miti? Nyumba?

— Bonde tupu. Mashamba. Mti wa kwanza uko mbali, ng'ambo ya kijito.

— Na kule juu?

— Ukuta wa misheni, lakini uko pembeni, si mbele yako.

— Hiyo sehemu nzuri inaishia wapi, nitaijuaje?

— Nimetandika kitambaa cheupe, vipande viwili chini, viwili juu. Mashimo yanaanza nyuma ya kile cha chini.

Ilisikika kalamu ikikwaruza karatasi.

— Mzee, hivi. Ungeniambia mia sita, ningejaza matangi yote, nije na muuguzi wangu. Kwa mia tano na sitini nakuja peke yangu, mafuta ya kutosha safari tu ili ndege iwe nyepesi, alfajiri hewa ikiwa bado ya baridi. Nitatua nikipanda mlima na nitaondoka nikiteremka, na lazima niwe nimeshanyanyuka kabla ya kitambaa chako cha chini. Namchukua mgonjwa na mtu mmoja mwepesi wa kumshika kichwa. Nani?

— Mimi, alisema Recho.

— Tabibu akufundishe usiku huu namna ya kumshika. Mzee, mvua ikinyesha usiku, piga kisigino upya alfajiri unipe jibu kabla sijaruka. Kikizama nusu kidole, siji. Tumeelewana?

— Tumeelewana.

Simu ilikatika. Mbio aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

— Kama ungesema mia sita, alisema polepole, angejaza mafuta.

Kapteni alivaa kofia yake akasema anakwenda kuzungumza na mama watoto kuhusu wapi wanaweza kuhamishia mihogo, na kwamba yeye kesho atasimama kando ya mashimo kuzuia watoto. Redio alitikisa birika. Ilikuwa tupu, na makaa yalikuwa yamekwisha.

Usiku yalishuka manyunyu, yakakatika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Haidari alipita uwanja mzima wa juu akipiga kisigino, kisha akapanda kwenda njia panda kupiga simu. Alisema hakizami.

Ndege ilitua saa moja na dakika ishirini, ikasimama mbele ya vitambaa vya juu. Philemon aliingizwa akiwa amefungwa juu ya ubao, Firdausi akielekeza, Recho akishika kichwa kwa mikono miwili. Ilipoondoka, magurudumu yaliachana na nyasi kabla ya kitambaa cha chini, ikapita juu ya Kapteni na mashimo, ikageukia kaskazini mashariki.

Saa tatu na robo Recho alipiga simu kutoka Mwanza. Ndege ilikuwa imetua, na Philemon alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Mguu mmoja ulikuwa bado unasikia.